Hesabu ya Kijiti

Siku yangu ya tatu mjini Pune, mtoto wa kiume wa miaka kama tisa alinikimbilia nyuma ya hosteli akaniita, "Dada!" Niligeuka kutazama kama kuna mwanamke nyuma yangu. Hakuna. "Dada, viti-dandu!" akarudia, huku akinivuta mkono. Mimi nina ndevu na sauti ya kukwaruza. Hakuna aliyewahi kunikosea. Nikawaza, huyu kaniona dada, tena anataka kuniletea viti. Nikamwambia kwa Kiingereza ahsante, sijachoka.

Ilipita wiki nzima ndipo nikaelewa. Kwa Kimarathi, lugha ya Pune na ya jimbo zima la Maharashtra, kaka mkubwa ndiye dada, na baba mdogo ndiye kaka. Viti nayo haikaliwi: ni kijiti kifupi cha inchi tatu au nne, kimechongwa ncha pande zote mbili kama penseli iliyochongwa kotekote. Dandu ni fimbo ya kukipigia. Mtoto alikuwa ananikaribisha mchezoni, nami nikamkatalia kwa adabu zote.

Watu wakisikia ushuhuda hutega masikio wakitarajia habari za kuacha pombe au kupona maradhi. Wangu unahusu kijiti hicho. Nilikidharau, kisha nikakipenda vibaya, kisha kikanifundisha hesabu.

Nieleze kwanza unavyochezwa, maana asiyeujua hatanielewa. Unachimba kishimo kidogo chembamba. Unakilaza kijiti juu yake kikingame kama daraja, unaingiza ncha ya fimbo chini yake, na unakirusha mbele kwa nguvu zote. Wapinzani wametawanyika uwanjani. Mmoja akikidaka kabla hakijagusa ardhi, umetoka. Wasipokidaka, unailaza fimbo juu ya kishimo, na mmoja wao anakirusha kijiti kuilenga. Akiigonga, umetoka vilevile. Ukisalimika hapo ndipo raha inapoanza. Unakigonga kijiti nchani pale kilipolala, kinaruka juu kikizunguka, na kabla hakijashuka unakichapa. Una majaribio matatu. Kitakapoangukia, masafa hupimwa kwa fimbo ileile, urefu baada ya urefu, na kila urefu ni pointi.

Kuna sauti mbili. Ya kwanza ndogo, tik, fimbo inapogusa ncha. Ya pili ni ya mti kukutana na mti hewani, na mchezaji anajua kwa sauti hiyo tu, kabla hajainua macho, kama kijiti kimekwenda mbali au la. Fimbo nzuri hukatwa kwenye mti wa babul, ambao kwetu ni jamii ya mgunga, au kwenye mkwaju. Nilipoambiwa mkwaju nilicheka: sisi mkwaju wa penalti tunaupiga kwa mguu.

India nzima inaujua mchezo huu kwa majina tofauti. Kwa Kihindi ni gilli-danda. Wabengali wanasema danguli, Watamil kittipul, Wasindhi iti-dakar, na ng'ambo ya mpaka, Nepal, ni dandi biyo. Msomaji aliyekaa mbele ya televisheni kuitazama filamu ya Lagaan ya mwaka 2001 atakumbuka Aamir Khan akiwaambia wanakijiji wenzake kwamba hiyo kriketi ya Waingereza ni gilli-danda tu. Niliitazama Tanga nikiwa mdogo, nikacheka walipocheka wakubwa, bila kujua wanachochekea.

Na Tanga ndiko ulikoanzia ugonjwa wangu. Bibi yangu alikuwa bingwa wa mdako. Alikuwa anakaa uani, miguu kaikunja upande, anarusha kete juu na kuzichota nyingine kishimoni kabla ya ile ya hewani kushuka, huku akiongea na jirani juu ya bei ya dagaa. Alipotaka kunifundisha nilimwambia huo mchezo wa wasichana. Rede hivyo hivyo, kombolela hivyo hivyo. Nilichotaka ni viatu vya mpira vyenye njumu. Mchezo usio na jezi, refa na kombe niliuona ni njia ya kupitishia jioni kwa watu wasio na umeme. Nilikwenda Pune kusoma biashara nikiwa na fikra hizohizo begini.

Oktoba 2016 mashindano ya Kombe la Dunia la kabaddi yalichezwa Ahmedabad, na televisheni ya hosteli haikuzimwa. Usiku mmoja wakaingia uwanjani Wakenya. Vijana kutoka Kenya wanacheza kabaddi, mchezo wa kushikilia pumzi na kukumbatiana mavumbini, mbele ya taa na umati! Hosteli nzima ikanigeukia. "Ndugu zako hao?" Nikasema ndio, ndugu zangu, na kwa usiku ule nilikuwa Mkenya kuliko Mkenya mwenyewe. India ilitwaa kombe kwa kuifunga Iran 38 kwa 29, lakini mimi nilibaki na swali. Mchezo wa vijijini, usio hata na mpira, umefikaje hapa?

Jibu lilikuwa chini ya pua yangu. Pune na miji mingine ya Maharashtra ndiko waliko watu walioichukua michezo ya uani wakaiandikia sheria. Klabu ya Deccan Gymkhana, ambayo nilikuwa naipita kila siku kwa basi, ndiyo iliyotunga sheria za mwanzo za kho-kho, mwaka 1914. Kikundi cha mazoezi kutoka Amravati kilikwenda na kabaddi hadi Berlin kuionyesha wakati wa Olimpiki za 1936. Mwaka 1990 kabaddi ikaingia Michezo ya Asia, na 2014 ikaanzishwa ligi ya kulipwa. Kwa hiyo wamekwishafanya mara mbili, nikajiambia. Kijiti nacho kwa nini kimebaki nyuma ya hosteli?

Mwanafunzi wa biashara akijiuliza swali la namna hiyo, ujue ameshaona fedha.

Mlinzi wetu wa usiku alikuwa Mnepali. Nilimwita dai, kaka kwa lugha yake, na kwake hilo kwa bahati halikunichanganya. Mei 2017 nilimkuta amenuna getini na simu mkononi. Serikali yao imetangaza voliboli kuwa mchezo wa taifa. Miaka yote, aliniambia, watoto wa Nepal walikuwa wakijua mchezo wa taifa ni dandi biyo, hata kama hakuna karatasi inayosema hivyo. "Voliboli inataka neti," alisema. "Kwetu mlimani ukikosea pigo, mpira unaufuata siku mbili." Usiku ule alinifundisha kugonga ncha, chini ya taa ya geti. Nilikosa kama mara arobaini. Ya arobaini na kitu nilikigonga, kikaruka, nikakichapa, na ile sauti ya pili ikanipanda kwenye mikono hadi mabegani. Kesho yake nilimtafuta yule mtoto.

Nikaandika sheria. Niliziandika peke yangu, chumbani, kwa kompyuta, kwa muda wa siku nne, na nilijiona nimefanya jambo kubwa. Fimbo iwe na sentimita 60. Kijiti sentimita 10. Timu sita kwa sita. Masafa yapimwe kwa utepe wa mita, mita moja pointi moja. Kila timu na rangi yake ya fulana. Timu nne kutoka mitaa minne iliyozunguka hosteli, mshindi apewe kombe.

Kona ya mtaa wetu palikuwa na babu muuza chai. Watoto walimwita ajoba, yaani babu, nami nikamwita hivyo. Pembeni ya jiko lake palikuwa na kibaraza cha mawe ambacho Wamarathi hukiita katta, na kazi yake ni ileile ya baraza zetu za Tanga: kukaa, kunywa, kusema watu. Nilimsomea ajoba sheria zangu, rafiki yangu akitafsiri. Alisikiliza mpaka mwisho, akamimina chai kutoka juu kwenda chini mara mbili, akauliza, "Na vakat iko wapi?"

Vakat ilikuwa moja ya maneno ambayo wazee waliyatamka wakati wa kupima kwa fimbo. Vakat, lend, mund, nal, na kuendelea hadi saba, kisha unaanza upya. Nilikwishawauliza watu maana yake. Waliniambia haina maana, ni maneno ya mchezo tu. Zaidi ya hayo, neno lilipoishia ndilo lililoamua pigo lako linalofuata utalianzia wapi: pengine kijiti ukiweke juu ya mguu, pengine juu ya ngumi, na pengine ulaze kichwa nyuma ukiweke juu ya jicho lililofumbwa ukirushe kutoka hapo. Mtu wa utepe wa mita hawezi kuishi na vurugu kama hiyo. Nikamwambia ajoba, kwa heshima, kwamba hayo tumeyaondoa ili watu waelewe. Akanipa chai, akakataa hela yangu. Nilidhani ni ukarimu. Baadaye nikajua kwamba muuza chai wa Pune akikataa hela yako bila sababu, amekuhurumia.

Kuhusu uwanja nitapita haraka, maana bado unanitia hasira. Ofisi moja ilituomba barua, kisha barua ya kuthibitisha barua, kisha ada, na mwisho ikatupa uwanja siku ambayo tayari ulikuwa umetolewa kwa kriketi. Tukachezea kwenye kiwanja cha jengo lililosimama ujenzi, kati ya marundo ya kokoto.

Tulikuwa na kipaza sauti. Tulikuwa na fulana. Watu walijaa kuliko nilivyotarajia, na kwa kuwa nilitaka wajae sikuweka kamba. Katika mchezo wa pili kijana mmoja mwenye mikono mirefu alikigonga kijiti vizuri mno, akakichapa, nacho hakikwenda mbele. Kilikwenda upande, chini chini, kikizunguka, mpaka kwa watoto waliokaa juu ya kokoto. Sikusikia ukelele. Nilichosikia ni kipaza sauti changu mwenyewe kikiendelea kutangaza.

Alikuwa yuleyule mtoto wa "dada".

Kilimpata kwenye nyusi, unene wa kidole kutoka jichoni. Alishonwa nyuzi tano. Hospitalini daktari wa macho aliponiuliza ni nini nikamwambia, hakushangaa hata kidogo. Madaktari wa macho wa India wanaujua mchezo huu kama wavuvi wanavyoujua upepo. Miaka na miaka gilli-danda imo kwenye orodha yao ya mambo yanayowaumiza watoto macho. Alinionyesha kwa kidole gumba na cha shahada: hivi tu. Kisha akaita mgonjwa mwingine.

Mama yake mtoto hakunipigia kelele. Alikuwa anafua nguo za watu kwenye majengo ya ghorofa, na alikuja hospitalini na mikono bado imekunjamana kwa maji. Aliniuliza jambo moja tu: "Wewe ulikuwa umevaa nini machoni?" Nikajibu miwani yangu ya kusomea. "Na yeye?"

Kombe nikalitia chini ya kitanda. Miezi kama mitano sikushika fimbo. Nilikwepa katta, nikawa nanunua chai mtaa wa pili, chai mbaya. Mvua za masika yao zikaja Juni zikaondoka Septemba, kiwanja kikaota majani. Nilikuwa nasoma kwa bidii za mtu anayekimbia kitu.

Aliyenirudisha ni mama huyohuyo. Alinikuta ngazini, ndoo kichwani, akanisimamisha. Mwanawe anacheza tena, alisema, kwa siri, nyuma ya tangi la maji, na safari hii hakuna hata mtu mzima wa kutazama. "Umeanzisha, umekimbia. Sasa ni hatari zaidi." Akanipa masharti, naye hakuyaandika kwenye kompyuta. Kila anayesimama uwanjani avae miwani ya plastiki ile ya maabara. Ncha za kijiti zipigwe msasa ziwe butu. Watazamaji wakae nyuma ya mpigaji, nyuma ya kamba, na atakayevuka kamba mchezo usimame. Sharti la nne lilikuwa kwamba sheria zinazobaki nisizitunge mimi.

Basi jioni moja ya Novemba tukakaa katta: ajoba, dai, wazee watatu wa mtaa, mama, watoto wasiohesabika, na mafundi waashi waliokuwa wamerudi kumalizia lile jengo na ambao walikuja kwa ajili ya chai tu. Lilikuwa baraza la ubishi wa kiwango cha Ngamiani, kwetu Tanga. Mzee mmoja kutoka pwani ya Konkan alidai fimbo ilazwe hivi. Mwingine akasema kwao ukikichapa kijiti mara mbili hewani kabla hakijaanguka pointi huzidishwa. Dai akasema kwao hata mara tatu, na wote wakamwambia aache uongo. Ajoba akainuka, akachukua fimbo, akasema maneno hayatoshi, atapima. Akaanza kutoka jiko la chai kwenda barabarani, amepinda mgongo, akiilaza fimbo, akiinua, akilaza.

"Vakat. Lend. Mund. Nal..."

Mwashi mmoja alikuwa amekaa juu ya tofali, sigara ya bidi mdomoni, saruji imemkaukia kwenye kipaji cha uso. Akacheka. Ajoba akasimama. Kwa Kihindi cha kuvunjika, cha saizi ya changu, mwashi akauliza, "Kwa nini babu anahesabu kwa lugha yangu?"

Tukamwambia hahesabu, hayo ni maneno ya mchezo, hayana maana. "Yana maana," akasema. Akainua vidole vyenye saruji, kimoja kimoja. "Okati, rendu, mudu, nalugu. Moja, mbili, tatu, nne. Mmeziharibu tu." Alikuwa ametoka Telangana, na lugha yake ni Kitelugu.

Ajoba alibaki ameinama na fimbo yake. Tangu utotoni alikuwa akihesabu kwa lugha ya watu ambao, nadhani naweza kusema bila kumvunjia heshima, alikuwa hajawahi hata kuwauliza majina wanapokuja kunywa chai yake. Akamwomba mwashi arudie. Mwashi akarudia. Ajoba akatamka yake. Wakawa wanapokezana, okati, vakat, rendu, lend, mudu, mund, mpaka watoto wakadaka, na katta nzima ikawa inahesabu kwa lugha mbili zilizokuwa moja.

Mimi nilikuwa nimekaa na utepe wangu wa mita mfukoni.

Sijui niseme nilijisikiaje. Nilichofanya ni kufikiria sita, saba na tisa. Bibi yangu alihesabu kete zake za mdako kwa namba zilizotoka Uarabuni na hakuna aliyemwambia ni maneno ya mchezo tu. Gari, laki, bima: maneno hayo yalivuka bahari kutoka India yakaja kwetu, tukayakalia kama yetu, na ni yetu. Hapa palikuwa na maneno yaliyotembea kutoka nchi ya Watelugu hadi nchi ya Wamarathi, hakuna ajuaye mgongoni mwa nani, na yalikuwa yamehifadhiwa mahali pamoja tu, mdomoni mwa mtoto anayepima fimbo. Nami nilikuwa nimeyafuta kwa kitufe kimoja ili watu waelewe.

Rafiki yangu aliyekuwa anasoma fasihi ya Kihindi alinipa siku zile hadithi ya Premchand yenye jina la mchezo huu. Premchand, aliyefariki 1936, anasimulia mhandisi anayerudi mji wa utoto wake akacheza na rafiki wa zamani, mtu wa tabaka la chini, akashinda. Kesho yake akamwona rafiki huyo akicheza na wenzake, ndipo akatambua kwamba jana aliachiwa. Niliisoma polepole, na kamusi, nikajiuliza ni wangapi walionikosea kijiti makusudi kwa sababu mimi ndiye mwenye kombe.

Sheria mpya zilijaa ukurasa mmoja na ziliandikwa na binti wa miaka kumi na miwili, kwa sababu mwandiko wake ndio uliokuwa unasomeka. Fimbo ya kupimia ndiyo ya kupigia. Hesabu ni vakat hadi mwisho wake. Pigo la mguuni lipo, la ngumi lipo. Pigo la jichoni lilipigiwa kura likaondolewa, mama akiwa wa kwanza kuinua mkono; ajoba akanuna wiki nzima, akisema mchezo umekatwa kichwa. Katika hilo mimi ni wa mama mpaka leo. Si kila cha zamani kinafaa kurudi, na mtu aliyemwona mtoto akishonwa nyusi hahitaji kubishana. Miwani nilinunua ishirini na nne, kwa hela za kuuza lile kombe. Fulana hazikuhitajika. Kipaza sauti nikakirudisha nilikokiazima.

Misimu miwili tulicheza hivyo, Novemba hadi Mei, kila Jumapili asubuhi kabla jua halijawa kali. Mitaa minne ikawa saba. Yule binti mwandishi alikuwa na mkono wa ajabu: hakuwa na nguvu, lakini alikigonga kijiti kikaruka palepale usoni pake, kila mara, kama anakiita. Mwashi tulimfanya mpimaji mkuu. Ugomvi wa masafa ni mwingi kuliko ugomvi mwingine wote katika mchezo huu, kwa sababu mpimaji mwenye hila huilaza fimbo kwa kupinda kidogo akaongeza hatua; yeye alipima kwa uzi wa kujengea ukuta. Mtu aliyezoea kunyoosha matofali haibi urefu. Akihesabu kwa sauti, alitamka maneno ya ajoba, yaliyoharibika, na hakuyasahihisha.

Machi 2020 India ikafungwa. Tangazo lilitolewa jioni ya tarehe 24, na usiku uleule likaanza kazi. Treni zikasimama, ujenzi ukasimama, na mafundi wa jengo letu, kama mamilioni ya wenzao nchi nzima, wakabaki bila kazi, bila chakula na bila njia ya kurudi kwao. Asubuhi ya siku ya nne nilimwona mwashi getini, ndoo ya plastiki begani yenye nguo na sufuria, wenzake watano nyuma. Walikuwa wanakwenda Telangana kwa miguu. Dai akawapa chapati alizopika za kwake. Mimi nilimpa hela nilizokuwa nazo, na nikaona ni kidogo kuliko aibu yangu. Aliniomba kitu kimoja, kijiti. Nikampa kile cha mgunga tulichokitumia fainali.

Nimekwisharudi Tanga. Mwaka 2022 nilisoma kwamba Wizara ya Elimu ya India imetangaza michezo 75 ya asili ipelekwe shuleni, na gilli-danda imo. Nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu ya mtu mzima: nani ataandika kile kitabu, na atakaa na nani kabla hajaandika? Binti aliniandikia kwamba shuleni kwao mwalimu alileta utepe wa mita. Nikamwuliza amechukua hatua gani. "Dada," akaniandikia, na nilishazoea, "nimeuficha."

Bibi amekuwa mzee, vidole havikunjuki, lakini kete zake anazo kwenye kopo la maziwa. Mwaka jana nilimwomba anifundishe mdako. Alinitazama muda mrefu, akaniambia nikae chini kwanza, wanaume hamjui kukaa. Bado ananishinda.

Kwenye simu yangu kuna ujumbe wa sauti wa Aprili 2020, niliotumiwa kwa simu ya mpwa wa mwashi, na nimeuhamisha simu tatu sasa. Anasema amefika. Miguu imevimba, wenzake wote wazima. Shule zimefungwa, watoto wa kijiji wanashinda barabarani wanacheza kijiti, na yeye amewafundisha hesabu ya Pune. Kisha anasogeza simu, unasikia kuku, unasikia ile sauti ndogo, tik, halafu ile ya pili, na watoto wanaanza kupima kwa kelele, wakicheka kama wanamwigiza mgeni asiyejua kusema: vakat, na kicheko, na mmoja anakosea anasema rendu. Sauti ya mwashi inaingia juu yao, kali, ya mpimaji mkuu. "Lend," anamsahihisha. "Hapa tunasema lend."